Manjano na Utumbo wa Panya (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kurkumini, kiini kinachoyapa manjano rangi yake. Leo tuingie maabara, ambako kurkumini hujaribiwa kwa panya wenye vidonda vya utumbo mpana.

Panya mzima hana vidonda vya utumbo mpana. Ni lazima asababishiwe. Njia iliyozoeleka, ambayo watafiti wa Japani waliieleza mwaka 1990, ni kumtilia dekstrani salfeti (DSS) katika maji ya kunywa. Kemikali hiyo huharibu utando wa ndani wa utumbo, bakteria wakapenya, na askari wa mwili wakaja juu. Kwa muda wa juma moja hivi panya huharisha damu, hukonda, na utumbo wake mpana hufupika. Ufupi huo hupimwa kwa rula tu, kisha vipande vikatazamwa kwa hadubini.

Majaribio mengi yameonyesha kuwa panya wanaolishwa kurkumini huumia kidogo kuliko wenzao. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba huizuia NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe.

Mimi, nikipata ripoti ya namna hii, husoma ratiba kwanza. Dawa ilianza lini? Mara nyingi ilianza kabla ya DSS, au siku ileile. Hiyo ni kinga, wala si tiba. Mgonjwa gani ajuaye siku atakayougua? Tena panya akiondolewa DSS, utumbo huanza kupona wenyewe, ilhali vidonda vya binadamu hutulia na kurudi kwa miaka.

Halafu kipimo. Kipimo cha panya cha miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, kwa mfano, hugawanywa kwa 12.3 ili kupata makadirio ya binadamu. Mtu wa kilo 60 angehitaji karibu nusu gramu ya kurkumini, nayo ni asilimia 3 hivi tu ya unga wa manjano. Yaani gramu 16 za unga kila siku. Mchuzi gani huo?

Kwa binadamu, mtafiti Hanai na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio la miezi 6 kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ambao tayari walikuwa wametulia. Ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43 waliopewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, na 8 kati ya 39 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya kutia moyo, ingawa kundi ni dogo. Wote, hata hivyo, waliendelea na dawa zao za hospitali. Nawe unayemeza salfasalazini, mojawapo ya dawa hizo, usiiache kwa sababu ya manjano. Zungumza kwanza na daktari wako.