Mpango wa Mazoezi kwa Kipimo cha Mtu

Siku hizi si ajabu kumwona kijana, au hata mzee wa nyumba, akimwendea mwalimu wa mazoezi apangiwe namna ya kuutengeneza mwili wake. Jambo hili ni jema. Lakini wangapi tumewaona wakianza kwa kishindo, na juma la tatu viatu vimo chini ya kitanda! Sababu yake si uvivu peke yake. Wengi walipewa mpango usiokuwa wao.

Mpango wa mazoezi ni kama kanzu, hushonwa kwa kipimo cha mvaaji. Kwa hiyo mwalimu ajuaye kazi yake hukuuliza kabla ya kukuamrisha: umri wako, maradhi uliyo nayo, dawa unazotumia, kazi yako, usingizi wako, na saa zilizo zako hasa katika juma. Usione haya kumjibu. Mwenye sukari atumiaye insulini akilificha jambo hilo aweza kuanguka katikati ya mazoezi, kwani mazoezi nayo huteremsha sukari ya damu. Aliyewahi kubanwa na kifua na amwone daktari kwanza. Ama mwalimu ambaye siku ya kwanza, bila ya swali hata moja, akutwisha vyuma na kukuuzia kopo la unga wa misuli, huyo ni mfanyabiashara. Muage kwa adabu.

Baada ya maswali huja hesabu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 ya kwamba mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani, yaani zile ambazo waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, pamoja na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, wala asiyeziweza asikate tamaa, kwani kidogo chafaa kuliko kukaa bure.

Natutazame mfano. Mama wa watoto wanne, fundi wa cherehani aketiye kutwa, ataka kupungua kilo 15 kabla ya harusi ya mdogo wake, miezi miwili ijayo. Mwalimu mwongo atamwambia, "Yawezekana." Mwalimu mkweli atamwambia kuwa nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ndiyo kadiri ya salama, na kwamba katika kupungua sahani ina kazi kubwa kuliko kamba ya kuruka. Kisha atampangia: watoto wakisha kwenda shule, atembee upesi dakika 15, Jumatatu na Alhamisi aketi na kuinuka kitini mara 10, ausukume ukuta mara 10, arudie. Akizoea, aongezewe. Akiona haya mbele ya wanaume, amtafute mwalimu mwanamke au afanyie uani kwake; haya yote hayataki mashine. Na bwana wa nyumba asiulize, "Waenda wapi asubuhi hii?" bali amshike mtoto mdogo.

Mpango ueleze pia siku itakayoharibika. Wataalamu wa University College London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakianza mazoea mapya, wakatoa habari zao mwaka 2010. Jambo lilihitaji kadiri ya siku 66 kuwa mazoea, kwa wengine 18, na kwa wengine ilikadiriwa hata 254. Na kukosa siku moja hakukuvunja kitu. Basi mtoto akiugua Jumatatu, zoezi lifanywe Jumanne. Ramadhani nayo iwemo tangu mwanzo: mazoezi yapunguzwe, yawe mepesi karibu na kufuturu, au baada ya tarawehe.

Ama gharama, si lazima kumlipa mwalimu kila siku. Mwendee mara moja akupangie, akuoneshe namna ya kuinama na kuinua pasipo kuumiza mgongo, nawe uyaandike katika daftari. Baada ya juma nne mrudie nalo, atazame uliyoyafanya kweli, si uliyoyakusudia. Ikiwa alikupangia siku tano nawe ukaziweza tatu, na akuandikie tatu.