Tiba ya viungo si kukandwa tu

Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake utajiri wa vitenzi vya lugha hii hana haja ya kwenda mbali. Na awaulize tu wanavyoumwa. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota au hukeketa, kidonda huchonyota, mguu hufa ganzi, na mgongo, aghalabu, hukaza au huvuta. Mwaka 1975 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alichapisha hojaji ya maumivu yenye maneno 78 ya Kiingereza katika makundi 20, ili mgonjwa achague lile linaloafiki hali yake. Aliamini kwamba maneno ya mgonjwa humsaidia tabibu kupambanua aina ya maumivu. Wazee wetu wa pwani hawakuchapisha hojaji yoyote, ila maneno walikuwa nayo.

Vitenzi hivyo hunipendeza. Kipo kimoja, hata hivyo, ambacho hunitia mashaka kila nikisikiapo katika upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe. Nacho ni kukandwa. Mtu akielekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, huwaambia wenziwe kwamba anakwenda kukandwa. Mwingine atasema kuchuliwa. Vyote viwili vimo katika kauli ya kutendwa: mgonjwa amelala, na mwingine ndiye mtendaji. Basi mtu akishaamini kwamba amelipia kutendwa, ataionaje thamani ya tiba ambayo sehemu yake kubwa yamtaka atende mwenyewe?

Asili ya kauli hiyo inaeleweka. Pwani hii imejua kuchua tangu zama: mafuta ya nazi, maji ya moto, na mikono ya bibi aliyezoea kumkanda mzazi baada ya kujifungua. Hata Uingereza fani hii ilianzia hapo hapo, kwani chama kilichokuja kuwa cha wataalamu wa tiba ya viungo nchini humo kiliundwa mwaka 1894 na wauguzi wanne kikiwa chama cha wanawake wachuaji. Lakini fani imepiga hatua ndefu tangu wakati huo. Hapa Kenya ina sheria yake, iliyopitishwa mwaka 2014, na baraza la kuwasajili wataalamu. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza anayetaka kumgusa uti wa mgongo kama amesajiliwa.

Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Lilieleza kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa wagonjwa tisa kati ya kumi hivi, hakuna maradhi mahususi yanayoweza kuonekana kuwa ndiyo chanzo. Mwongozo huo unapendekeza mgonjwa aelimishwe kuhusu hali yake, apewe mpango wa mazoezi, asaidiwe kisaikolojia inapohitajika, na pengine atumie dawa za jamii ya ibuprofeni. Kuchua nako kumo, hakukutupwa. Yasiyopendekezwa ni pamoja na mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Msomaji aliyewahi kuuziwa mkanda wa kiuno kwa bei ya kuruka atanielewa.

Mazoezi yanafaa kwa sababu misuli isiyotumika hulegea, na kiuno kilichokosa nguzo huchoka upesi. Mwenye kiuno naye huogopa kuinama, na woga huo humzidishia kulala, na kulala kukazidi kuilegeza misuli. Magoti ya wazee ni vivyo hivyo: misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo, na maumivu hupungua hata kama mfupa wenyewe haurudi ujanani.

Wanaoumwa ni wengi. Kuna hamali wa bandarini, dereva wa tuktuk anayerushwa na mashimo kutwa, mama aliyeinamia mbuzi akikuna nazi tangu alfajiri, kijana wa mkokoteni wa maji, na mwalimu mwenye daftari 60 za kusahihisha, shingo imeinama kama ya korongo. Jirani yangu mmoja wa Likoni amebeba magunia zaidi ya miaka ishirini. Alipoanza tiba ya viungo, alinijia amenuna.

"Mwalimu," akaniambia, "nimekwenda mara mbili. Hata kidonge sikupawa. Nimelazwa chali, nikaambiwa niinue mguu. Sasa mguu si nitauinua nyumbani kwangu?"

Nilimjibu kwamba hilo hasa ndilo alilokwenda kufundishwa. Hakucheka. Alikuwa amepoteza vibarua vya siku mbili, na hesabu hiyo haikuwa mzaha kwake.

Na tuifanye hesabu yenyewe. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei ya mahali popote. Tuseme kikao kimoja ni shilingi 1,500, nauli ya kwenda na kurudi ni 200, na kibarua kinachopotea ni 800. Vikao sita vitamgharimu mtu shilingi 15,000, na kati ya hizo 6,000 hazimfikii mtaalamu kamwe. Katika hospitali ya umma ada yaweza kuwa ndogo, lakini foleni ikimeza siku nzima, kibarua kimekwenda vile vile. Kwa upande wa pili, anayenunua vidonge vya shilingi 50 kila siku atakuwa ametumia shilingi 18,250 kwa mwaka, na mwaka unaofuata ataanza upya. Isitoshe, dawa nyingi za namna hiyo zikitumiwa mfululizo bila ya uangalizi zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hata hivyo, nisimlaumu anayechagua kidonge. Shilingi 50 hupatikana leo jioni. Shilingi 1,500 kwa mkupuo hazipatikani. Maskini hununua nafuu kwa rejareja, na ndiyo maana humgharimu zaidi. Tena kuna safari. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani. Mtu wa Likoni havuki kwa nauli, kwani feri haimtozi aendaye kwa miguu, lakini ule mteremko wa kivukoni, na mwinuko wa ng'ambo ya pili, ni adhabu kwa goti bovu, seuze katika msongamano wa asubuhi. Changamwe wana hospitali ya Port Reitz, na jambo hilo ni bahati kwao.

Kwa hiyo ninaona kwamba gharama itapungua si kwa kushusha ada pekee, bali kwa kupunguza safari. Mtaalamu mmoja akizuru zahanati za Mtongwe, Bamburi na Miritini kwa zamu, mgonjwa atapima maendeleo yake karibu na nyumbani. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua nchini kote mwaka 2023, wanaweza kufundishwa kukumbusha mazoezi. Na wanaochangia asilimia 2.75 ya mapato yao kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na waulize kabla ya kikao cha kwanza ni vikao vingapi watakavyolipiwa.

Yako maumivu yasiyongojea mazoezi. Kiuno kikiambatana na kushindwa kuzuia haja, ganzi sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu ghafla, homa, kukonda kusikoeleweka, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, mtu na akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

Limebaki la lugha. Karatasi ya mazoezi aliyopewa jirani yangu ilikuwa ya Kiingereza, na picha zake zilikuwa zimefifia. Kiswahili hakina upungufu hapa: tuna chali, kifudifudi, kiubavu, kuchuchumaa, kupiga magoti, kukaa kitako, kujinyoosha, kujikunja, kujipinda. Tazama hivyo vitatu vya mwisho na kile kiambishi "ji", mtenda na mtendwa wakiwa mtu mmoja. Nilimwandikia upya zoezi moja alilofundishwa: "Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe sakafuni, inua kiuno polepole, hesabu hadi tano, kishushe, rudia mara kumi." Aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia mfukoni. Wanafunzi wa shule yoyote ya sekondari ya Likoni au Kisauni wanaweza kuandika karatasi nzima ya namna hiyo kwa wiki moja, mwalimu wao wa Kiswahili akasahihisha lugha, na mtaalamu wa hospitali iliyo karibu akasahihisha mazoezi.