Je, Wajua? Ahadi za Kazini, Kutoka Pittsburgh hadi Ifakara

Ukisikia kuna profesa ambaye maisha yake yote anachunguza uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, usidhani ni mtu wa kuhesabu nani kachelewa na nani kasinzia. Hii ni taaluma yenye visa vitamu, na vingine vimetokea pale pale Bonde la Kilombero, kati ya miwa, mpunga, reli na mbu.

Una mikataba miwili, na mmoja hukuusaini

Wa kwanza uko kwenye faili. Wa pili uko kichwani mwako: nikijituma hawataniacha, nikivumilia miaka michache watanisomesha, nikifiwa bosi atafika msibani. Mmarekani Chris Argyris aliugusia mwaka 1960 baada ya kuwachunguza wafanyakazi na wasimamizi wao viwandani. Mwenzake Denise Rousseau, profesa wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, akaujengea nadharia kamili kwa makala ya 1989 na kitabu cha 1995.

Ajabu yenyewe ni kwamba mkataba huu ni imani ya upande mmoja. Mwajiri anaweza asijue kabisa kwamba upo, mpaka siku anapouvunja. Ni kama mshenga aliyekwisha kuahidi ng'ombe huko ukweni bila kumwambia mzee mwenye zizi.

Safari ya Rousseau ilianzia kwa baba asiyeipenda kazi yake

Rousseau ameeleza kwamba baba yake alifanya kazi kampuni ya simu, na kazi yenyewe aliichukia. Binti akakua na swali: kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aamke kila siku kwenda mahali panapomchosha roho? Alisoma saikolojia na anthropolojia Berkeley, California, akapata shahada ya kwanza mwaka 1973 na ya uzamivu mwaka 1977. Kutoka hapo hakuliacha swali hilo. Alihariri jarida kubwa la tabia za watu kazini kuanzia 1998 hadi 2007, na katikati ya miaka hiyo akachaguliwa rais wa Academy of Management, chama cha wasomi wa menejimenti duniani.

Sisi tuna wa kwetu, na alizaliwa ng'ambo ya mto

Mashamba ya miwa ya Kilombero yako pande zote mbili za Ruaha Mkuu: ukivuka tu, umeingia wilaya ya Kilosa. Huko ndiko alikozaliwa Issa Shivji mwaka 1946. Wengi wanamfahamu kwa masuala ya ardhi na katiba, lakini tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1982, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu jinsi kazi ya mshahara na sheria za kazi zilivyokua nchini kuanzia miaka ya 1920 hadi 1964. Mwaka 1986 ikatoka kitabu.

Humo ndimo unamokutana na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na hapakuwa na mshahara kamili mpaka siku zote 30 zitiwe alama. Msimamizi akisema kazi yako ya leo haikutimia, leo haihesabiki, ingawa jasho limekwisha kumwagika. Waliotoka Songea, Kigoma na Njombe kwenda mkonge, wale manamba, waliijua hesabu hiyo vizuri kuliko hakimu yeyote.

Shivji ni mwanasheria, Rousseau ni mwanasaikolojia, na sijui kama waliwahi kukaa meza moja. Lakini ukiwasoma kwa pamoja unaona wanachungulia chumba kimoja kupitia madirisha mawili.

Kuna migomo ambayo haikudai hata senti

Februari 1971 chama tawala, TANU, kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakisoma, wakakielewa kuliko walivyotarajia walioandika. Ikafuata miaka miwili hivi ya migomo, na Shivji aliyeifuatilia alionyesha kwamba nyingi kati ya hizo hazikuhusu mshahara. Zilihusu meneja anayetukana watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe.

Si kila mvutano ulikwisha kwa ushujaa wa kusimulia. Mwaka 1986, katika kiwanda cha sukari cha Kilombero, madai ya wafanyakazi yaliishia kwa risasi za askari na vifo.

Mtaalamu wa reli alikatazwa kuishi vizuri kuliko mwenyeji wake

Mwaka 1964 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alitangaza kanuni 8 za misaada ya nchi yake. Ya nane ilisema wataalamu wa Kichina wataishi kwa hali ile ile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, bila kudai anasa. Miaka sita baadaye kanuni hiyo ikashuka na watu wake Mang'ula, Ifakara na Mlimba, wakati wa ujenzi wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860.

Mwanahistoria Jamie Monson, aliyelichimba bonde hili kwa miaka mingi na kutoa kitabu cha reli hiyo mwaka 2009, alizungumza na waliojenga. Lugha ya pamoja ilikuwa haba, kwa hiyo fundi wa Kichina alifundisha kwa kushika chombo mwenyewe na kuonyesha. Kwa mtu aliyezoea msimamizi wa kusimama kivulini na kunyoosha kidole, bosi mwenye matope magotini alikuwa kioja. Hata hivyo kambi zilitenganishwa na nidhamu ilikuwa kali, na wapo waliofukuzwa au waliokimbia wenyewe. Udugu ulikuwapo, ila ulikuwa na kengele ya asubuhi.

Ifakara kuna watu ambao kazi yao ni kumngoja mbu

Utafiti wa malaria wa Ifakara ulianza na safari za Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1949, maabara ikajengwa 1957, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ili kujua mbu wangapi wanawafuata watu, njia iliyozoeleka ni hii: mtu anakunja suruali hadi magotini, anakaa kwenye kiti usiku, tochi mkono mmoja, bomba la kufyonzea mkono wa pili. Mbu akitua mguuni, anafyonzwa kabla hajauma na kupulizwa ndani ya kikombe chenye chandarua mdomoni. Kila saa kikombe kipya, ili ijulikane mbu wa saa ngapi ni yupi.

Miaka ya mwanzo ya 1990, kijiji cha Namwawala kilipimwa na kuonekana mkazi mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku wa Mungu.

Mwajiri anayempa mtu kazi ya namna hiyo ana deni kubwa kuliko posho. Wakamataji hupewa kinga ya dawa na kupimwa, na watafiti wa Ifakara, akiwamo Nicodem Govella, walibuni hema la kutegea mbu: mtu analala ndani salama, mbu wananaswa sehemu ya nje. Ni nadra kuona taasisi ikijitahidi kuifuta sehemu mbaya ya kazi badala ya kuiongezea posho tu.

Rousseau aliwaambia mameneja wawaige madaktari

Katika hotuba yake ya urais ya mwaka 2005 aliuliza, kwa lugha ya kistaarabu, kwa nini madaktari wanajifunza kufuata ushahidi wa utafiti lakini mameneja wengi hawaufuati. Akataka uongozi unaofuata ushahidi.

Angekuja Kilombero angekuta ushahidi unalimwa kama mpunga. Mwaka 1997 vyandarua vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa Kilombero na Ulanga, na hesabu zikaonyesha kwamba kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kulihusishwa na nafuu ya asilimia 27 katika kunusurika na kifo.

Vijiji 101 vilipigiwa kura kujua kama kujitolea kunatosha

Hiki ndicho kisa changu kikubwa, kwa sababu hapa swali la ajira lenyewe lilipimwa kama dawa. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya vijijini walitegemewa kujitolea: leo yupo, kesho yuko shambani kwake, na nani atamlaumu? Mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara, Chuo Kikuu cha Columbia na serikali walichukua vijiji 101 vya Kilombero, Ulanga na Rufiji. Kwa bahati nasibu, 50 vikapewa WAJA, Wawezeshaji wa Afya ya Jamii. Hawa walitoka vijijini humo humo, wakasomeshwa miezi 9, wakaajiriwa kwa mshahara kufanya kazi muda wote. Vilivyobaki vikaendelea kama zamani, ili tofauti ionekane.

Fikiria kijana wa jirani yako, uliyemjua tangu akichunga bata, sasa anabisha hodi na mkoba wa dawa za malaria, kuhara na nimonia za watoto. Anaulizia uzazi wa mpango kwa mama mkwe wake. Unamwitaje? Unamlaumu kwa nani akichelewa?

Matokeo hayakuja kama kwenye sinema. Kwa jumla, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano havikupungua kwa kiwango kilichotarajiwa, na moja ya sababu zilizotajwa ni dawa kuisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo nadharia ya Rousseau inapovaa kandambili na kutembea kijijini: mshahara umelipwa, mkataba wa karatasi umetimizwa, lakini mkoba mtupu umevunja ule mwingine, ambao mhudumu alikuwa amefunga na majirani zake.

Bonasi inaweza kumbadilishia mama mapokezi

Kuanzia mwaka 2011, Mkoa wa Pwani ulijaribu kuwalipa watumishi wa afya nyongeza kulingana na matokeo, na watafiti wa Ifakara walikuwa miongoni mwa waliopima. Akina mama waliojifungulia kituoni waliongezeka kwa kama pointi 8 za asilimia. Fedha inaongea, ndiyo, ingawa haisemi yote.

Mkulima wa miwa ana bosi asiyemwajiri

Kampuni ya Sukari ya Kilombero ni ya tangu mwanzo wa miaka ya 1960, ikataifishwa, na mwaka 1998 ikabinafsishwa: Illovo ya Afrika Kusini asilimia 55, ED&F Man asilimia 20, serikali asilimia 25. Pembeni yake wako maelfu ya wakulima wanaoiuzia miwa. Hawana barua ya ajira, hawana likizo, lakini kiwanda ndicho kinachopanga lini muwa wako ukatwe, na muwa uliokatwa ukichelewa kusagwa unapoteza sukari.

Malipo yanafuata uzito na kiwango cha sukari, na kiwango hicho kinapimwa ndani ya maabara ya mnunuzi. Msomi Emmanuel Sulle, aliyeandika kuhusu wakulima hawa mwaka 2017, alionyesha jinsi mpango huo unavyowatajirisha wengine na kuwaacha wengine nyuma katika kijiji kile kile. Ni uhusiano wa kazi usio na jina la kazi, na ndiyo maana unawavutia watafiti.

Dili la mtu mmoja si lazima liwe la magendo

Rousseau ana kitabu kizima kuhusu mapatano maalumu ambayo mfanyakazi mmoja anayaomba kwa bosi wake. Muuguzi wa Ifakara anayeomba zamu za usiku mfululizo ili mchana awahi kupanda mpunga kabla maji hayajajaa bondeni yumo humo. Sharti la Rousseau ni kwamba wenzake wajue na wasiumie. Likifichwa, linageuka upendeleo.

Bila karatasi, mzigo ni wa bosi

Sheria za kazi za Tanzania Bara za mwaka 2004 zina vifungu ambavyo wengi hawavijui. Ukimfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa wake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukifanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, unastahili nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Na kuna hiki: mwajiri anatakiwa kukupa masharti ya kazi yako kwa maandishi. Mkifikishana kwenye shauri naye akashindwa kuleta mkataba au maelezo hayo, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa linamwangukia yeye, si wewe. Kama huna nakala yako, iombe wiki hii, uisome yote, kisha uiweke mahali ambapo mafuriko ya Kilombero hayafiki.