Gereji ya mabodi inapokua: jinsi ya kumpata fundi na kumwajiri inavyofaa

Mwenye gereji ya kuunda na kubadilisha mabodi ya magari kwa kawaida huanza na mikono yake mwenyewe na kijana mmoja wa kumshikia vyuma. Anajenga bodi ya kwanza, mteja anaridhika, mteja analeta mwenzake. Siku oda ya tatu inapoingia kabla ya ile ya kwanza kutoka uani ndipo shida huanza. Nani ataishika mashine ya kuchomelea wakati yeye ameenda kununua vyuma?

Swali hili si geni katika Kaunti ya Kiambu. Mji wa Thika umeishi na kazi ya magari kwa zaidi ya miaka 50. Kiwanda cha KVM kilianzishwa huko mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya. Nje ya viwanda vikubwa zipo karakana za jua kali ambazo hupokea chesisi ya lori yenye injini na sehemu ya mbele tu, kisha huitoa ikiwa matatu au basi la shule. Nyingine hukata paa la gari la watalii ili lifunguke juu, hutia madirisha na viti kwenye van, au huipamba nganya mpaka abiria waisubiri stejini hata kama kuna gari jingine tupu. Yote hayo, ukiondoa rangi na muziki, ni kazi moja: kukata chuma, kukikunja na kukiunganisha.

Uhaba wa mafundi wa kuchomelea si mkubwa. Karibu kila soko lina mtu anayetengeneza mageti na madirisha. Lakini geti na bodi ya gari ni vitu viwili tofauti. Chuma cha geti ni kinene, hakitembei, na likikosea kipimo kidogo fundi wa mawe ataziba pengo kwa simiti. Shiti ya bodi ni nyembamba. Moto ukizidi kidogo inatoboka, na isipotoboka inajikunja kama mkate uliokauka. Tena bodi hutikisika kila siku barabarani, kwa hivyo kiungo kilichoshika juu juu tu huanza kuachia polepole. Mwenye gereji anayemwajiri fundi mzuri wa mageti na kumkabidhi bodi siku hiyo hiyo hamtendei haki fundi huyo, wala mteja.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba makosa yake hufichika. Kiungo kibovu kikishapigwa puti na rangi kinang'aa sawa na kile kizuri. Hujulikana gari linapopinduka, viti vinapong'oka sakafuni na abiria wakiwa wamekaa juu yake. Kwa sababu hiyo Shirika la Viwango, KEBS, lina kiwango kinachoitwa KS 372 kuhusu ujenzi wa mabodi ya magari ya abiria, nayo mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ndiyo inayosimamia ukaguzi wa magari hayo. Fundi anayeajiriwa kwa kazi ya matatu au basi la shule anafaa kuelezwa mapema kwamba kuna kiwango, na kwamba vipimo vya viti, njia na mlango wa dharura havibadilishwi kwa sababu mteja anataka kuongeza safu moja ya viti.

Sasa, fundi anapatikanaje? Wengi hupatikana kwa kuulizana, na njia hiyo si mbaya. Anayeuza vyuma anajua nani hurudi kununua shiti nyingine kwa sababu ya kwanza imeharibika. Anayepaka rangi anajua kazi ya nani hutumia puti kidogo. Shahidi huyu wa pili ni wa kuaminika sana, kwa kuwa yeye ndiye hurithi makosa ya fundi wa bodi.

Njia nyingine ni vyuo vya ufundi vya kaunti. Chini ya Katiba ya 2010, vile vilivyojulikana kama polytechnic za vijijini vilikabidhiwa serikali za kaunti, na baadhi yao hufundisha uchomeleaji na ufundi wa magari. Wanafunzi wake hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya kazini kabla ya kumaliza. Gereji inayompokea mwanafunzi kwa miezi kadhaa inapata nafasi ya kumtazama akifanya kazi, akichelewa, akikosea na akirekebisha, jambo ambalo mahojiano ya nusu saa hayawezi kuonyesha. Hata hivyo mwanafunzi huyo si fundi wa bei rahisi. Amekuja kujifunza, na gereji isiyo na mtu wa kumfundisha haifai kumchukua.

Barua ya maombi na cheti vina nafasi yake, lakini katika kazi hii jaribio la mikono ndilo linaloamua. Jaribio zuri huchukua nusu siku au siku nzima, na mwombaji hulipwa kwa muda huo hata asipochukuliwa. Kumfanyisha mtu kazi ya mteja siku nzima bila malipo kwa jina la jaribio ni kumnyonya tu, na habari hiyo husambaa haraka miongoni mwa mafundi kuliko tangazo lolote la kazi.

Mwombaji anaweza kupewa vipande vya bomba la mraba na shiti ya geji 18, ambayo unene wake ni kama milimita 1.2. Anaombwa aunde fremu ndogo yenye pembe nne, kisha aifunike kwa shiti. Mwenye gereji asimame kando na kutazama mpangilio wa kazi. Je, amepima mara mbili kabla ya kukata? Amesafisha kutu na rangi mahali pa kuchomelea? Ameshikiza kwanza kwa vidoa vidogo kwenye pembe zote na kupima tena, au amechomelea upande mmoja mpaka mwisho na kuanza kuunyoosha kwa nyundo? Kwenye shiti, fundi anayejua huruka: anachomelea kipande kifupi hapa, anahamia mbali kidogo, kisha anarudi baada ya chuma kupoa. Asiyejua huenda moja kwa moja, na shiti inavimba mbele ya macho yake.

Fremu ikimalizika, ipimwe kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, pembe ziko sawa. Visipolingana, fremu imepinda, hata kama machoni inapendeza. Kisha kiungo kimoja kikatwe katikati kwa grinda. Ndani ikionekana mstari mweusi unaotenganisha vyuma viwili, ina maana moto haukuingia, vyuma vimebandikwa tu. Kiungo kingine kiwekwe kwenye jiliwa na kupigwa nyundo mpaka kitu kikubali. Chuma chenyewe kikipinda kabla ya kiungo kuachia, hiyo ni kazi. Fundi mwenye uzoefu hachukizwi na mtihani huu, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye huomba nyundo.

Yapo pia maswali machache yasiyohitaji chuma. Kabla ya kuchomelea kwenye gari lenye kompyuta, fundi hufanya nini? Anayefahamu atasema anatoa waya wa betri, kwa sababu umeme wa mashine unaweza kuunguza vifaa vya thamani kubwa. Tangi la mafuta likiwa karibu? Linatolewa au kazi haifanyiki. Chuma kilichopakwa zinki? Kikwanguliwe kwanza, na pawe na hewa ya kutosha, kwani moshi wake huleta homa usiku. Chesisi ya lori ikitakiwa kurefushwa? Hapo jibu bora mara nyingi ni swali: chesisi hii imeundwa kwa chuma gani, na mtengenezaji anaruhusu nini? Moto hudhoofisha baadhi ya vyuma vigumu, na fundi anayekimbilia kukata bila kuuliza ni wa kuogopwa.

Baada ya jaribio linakuja suala la cheti, na hapa ndipo mafundi wengi hupoteza pesa bila kujua. Mtu aliyejifunza kwa kusimama kando ya mwalimu wake wa jua kali kwa miaka 15 anaweza kuwa hodari kuliko mwenye diploma, lakini kwenye makaratasi si kitu. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa gredi tatu, kuanzia Gredi ya III hadi Gredi ya I iliyo ya juu. Kuna pia mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, unaojulikana kama RPL, ambapo fundi hutathminiwa kwa anachoweza kufanya bila kurudishwa darasani kuanza upya.

Gredi hizo si pambo la ukutani. Amri ya mishahara ya kima cha chini inayotolewa na serikali ya kitaifa hutenganisha fundi asiye na gredi na wale wa Gredi ya III, II na I, na kila ngazi ina kiwango chake. Amri hiyo hutofautisha pia maeneo: Thika, iliyokuwa manispaa, pamoja na Ruiru na Limuru ziko katika kundi moja, na sehemu nyingine za kaunti ziko katika kundi la chini zaidi. Juu ya kiwango hicho kuna posho ya nyumba ya asilimia 15, ikiwa mwajiri hatoi makazi. Mwenye gereji anayepanga bei ya bodi bila kuangalia amri inayotumika wakati huo anaweza kujikuta anauza kazi kwa hasara, au anamlipa fundi chini ya sheria bila kukusudia.

Desturi ya jua kali ni kulipana jioni na kuachana. Kwa kazi ya siku mbili haina neno. Lakini bodi ya basi haijengwi kwa siku mbili, na ikimalizika huanza nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua anayefanya kazi siku zinazofuatana ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, awe ameandikiwa barua au la. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe kwa maandishi. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, ingawa kinaweza kuongezwa mfanyakazi akikubali, na kwa jumla kisipite mwaka mmoja. Fundi akitimiza miezi 12 ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo.

Mkataba wa gereji unafaa kutaja jambo moja ambalo mikataba ya ofisini haina: vifaa ni vya nani. Fundi wengi huja na grinda na nyundo zao. Zikiharibika kwenye kazi ya gereji, nani anatengeneza? Ugomvi mwingi wa kuachana huanzia hapo, si kwenye mshahara.

Makato ni haya: NSSF, asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA. Na tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Tozo ya NITA ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi hulipwa na mwajiri, haikatwi kwa fundi. Mwajiri anayeilipa anaweza kuomba arejeshewe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, nafasi ambayo gereji ndogo haifai kuipuuza.

Kuhusu usalama, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye gereji asajili mahali pa kazi na atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kioo cha kuchomelea, glavu za ngozi na miwani ya kusagia si vya kununua baada ya ajali. Macho ya fundi yakiingiwa na cheche za grinda hayarudishwi na soda baridi na pole. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, WIBA, nayo inamlazimu mwajiri kuwa na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, hata kama ni wawili.

Wakaazi mara nyingi huchanganya ofisi. Leseni ya biashara na vyuo vya ufundi ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Malalamiko ya mshahara, kufutwa kazi na fidia hupelekwa kwa afisa wa leba, ambaye ni wa serikali ya kitaifa, na huduma yake si lazima mtu aje na wakili. Fundi anayetaka kufanyiwa mtihani wa gredi aulize tarehe za usajili kutoka NITA au katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye, kwa kuwa mitihani ina misimu. Abebe kitambulisho, na ikiwezekana barua ya mwenye gereji inayoonyesha miaka aliyofanya kazi.