Mtalawanda Hauzibui Mtaro

Kila masika, maji hutuama katika nyua na vichochoro vya visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Wazee wetu walikuwa na mitalawanda, viatu vya mbao vyenye msuruaki wa kubana kwa vidole, vilivyouinua mguu juu ya majimaji ya uani na chooni. Leo ndara za plastiki zimeshika nafasi yake. Hekima ni ile ile, kwani minyoo ya safura hupenya katika ngozi ya mguu mtupu.

Lakini mtalawanda ulikuwa wa uani, si wa mtaa uliofurika. Wananchi, tusitupe taka mitaroni. Nanyi wakuu wa serikali, zibueni mitaro kabla ya Machi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.