Sanaa za Maonyesho katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Miongoni mwa taasisi za elimu za Marekani, sidhani kama zipo zinazodharauliwa na watu wa kwetu bila ya haki kuliko vyuo vya jamii, ambavyo masomo yake aghalabu ni ya miaka miwili, na mlango wake hufunguliwa kwa kila aliyemaliza sekondari pasipo mtihani wa kumchuja. Kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyopo hadi leo ni kile cha Joliet, Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anakwenda katika chuo cha namna hiyo, tena kusomea uigizaji, huona amepata hasara mbili kwa siku moja.

Wenye kuvitetea vyuo hivi hukimbilia kutaja watu mashuhuri: Tom Hanks, aliyesoma Chabot, mjini Hayward, California, kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Sacramento, au Robin Williams, aliyejifunza tamthilia College of Marin kabla ya kuingia Juilliard, New York, mwaka 1973. Ni kweli tupu, lakini mimi siiwekei uzito hoja hiyo, kwa kuwa walio wengi hawatapata umaarufu kamwe, na mwalimu mwaminifu huwaambia hivyo mapema.

Fadhila ya vyuo hivi ni nyingine: humfundisha mtu kazi yote ya jumba la maonyesho. Katika shahada ya miaka miwili ya California iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, yenye uniti 60, kushiriki katika mchezo wenyewe ni somo linalohesabiwa, ikiwa mwanafunzi amepewa nafasi ya kuigiza au amekabidhiwa nyundo. Hata yule aliyekuwa mfalme msimu huu, msimu ujao huenda akawa anashona maleba ya mfalme mwingine.

Mtazame msimamizi wa jukwaa, ambaye watazamaji hawamwoni. Mbele yake pana nakala ya mchezo, na pambizoni ameandika, kwa penseli ili apate kufuta, nani anaingia kwa upande gani na taa ipi inawaka kwa neno lipi. Na kushoto kukitajwa, ni kushoto kwa mwigizaji aliyeelekea watu, si kwa watu wanaomtazama. Taa ikikaribia kubadilishwa, huwatahadharisha wenzake kwa chombo cha mawasiliano alichovaa kichwani, nao humjibu kuwa wako tayari, kisha hutamka neno moja la amri. Neno hilo ni mwiko kulitamka ovyo katika chombo hicho, hata kwa mzaha, maana aliyeweka kidole juu ya swichi atalitii papo hapo, na usiku wa manane utageuka mchana ilhali mwizi hajaingia.

Kadhalika, darasani huchanganyika kijana wa miaka 18, muuguzi atokaye zamu na mstaafu; kwa hiyo mchezo wenye babu huchezwa na babu, si na barobaro aliyepakwa unga kichwani.

Taksiri zipo. Mazoezi ya jioni hugongana na ajira ya mwanafunzi, na somo lililokosa wanafunzi wa kutosha huweza kufutwa. Isitoshe, ada ya dola 46 kwa uniti, inayosifiwa sana California, ni ya wakazi wa jimbo hilo. Mgeni atokaye ng'ambo hutozwa mara kadhaa zaidi. Shahada niliyoitaja nayo humhakikishia mwenye kutimiza masharti nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo, wala si lazima kiwe kile alichokitamani. Basi anayekusudia kwenda na amwendee mshauri wa masomo katika muhula wa kwanza kabisa, akiwa na jina la chuo kikuu anachokitaka, aulize ni masomo gani kitayakubali, na jibu alipokee kwa maandishi.