Dagaa kwa kuku, mashudu ya pamba kwa ng'ombe

TARIME. Mfugaji wa Tarime au Serengeti anayewalisha kuku pumba tupu kwa sababu ni rahisi, hulipa gharama baadaye. Vifaranga hudumaa, kuku huchelewa kufikia uzito wa sokoni na mayai hupungua.

Kuku ni mla vyote. Akizurura hujitafutia mchwa na kumbikumbi. Akifungiwa bandani hutegemea anacholetewa. Mahindi na pumba zake yana protini takriban asilimia 10 tu, tena ina upungufu wa laisini, inayohitajika kujenga misuli. Vitamini B12 haimo katika nafaka.

Pengo hilo ndilo soko la dagaa wa Ziwa Victoria, wanaofika Tarime na Mugumu kutoka Musoma na mialo ya Rorya. Dagaa wakavu safi wana protini takriban asilimia 55. Mashudu ya alizeti karibu 28. Hivyo kilo moja ya dagaa ni sawa na kilo mbili za mashudu. Bei ya dagaa ikizidi mara mbili ya mashudu, protini ya mashudu ndiyo nafuu.

Hata hivyo mashudu peke yake hayatoshi: yana makapi mengi na laisini kidogo. Kuchanganya ndiko kunakolipa. Kilo 8 za dagaa, 18 za mashudu ya alizeti na 74 za mahindi na pumba hutoa karibu kilo 17 za protini, kiwango kinachomfaa kuku wa mayai, kabla ya kuongeza chokaa, chumvi na vitamini. Dagaa wakizidi sana, mayai na nyama hunuka samaki.

Kuku anaweza pia kukua vizuri kwa mimea pekee, ila kwa soya iliyopikwa pamoja na laisini, methionini na vitamini za kiwandani. Soya mbichi huzuia protini kusagwa tumboni.

Ng'ombe ni hesabu nyingine. Vijidudu vya tumboni mwake humtengenezea protini na B12 kutokana na majani. Mashudu ya pamba, zao linalolimwa Serengeti, humfaa ng'ombe mkubwa, lakini yana sumu ya gosipoli inayomdhuru kuku. Uingereza ililisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ukatambuliwa mwaka 1986, na lishe hiyo ikapigwa marufuku kwa wanyama wanaocheua mwaka 1988.

Kwa wafanyabiashara: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea uvuvi hupungua na bei hupanda, hivyo wakati wa kujaza ghala ni gizani. Kabla ya kulipa, tumbukiza konzi moja ndani ya maji. Mchanga utazama chini, na mnunuzi ataona ni kiasi gani cha gunia si dagaa.